Pembe Ndogo Begani

Jumapili moja jioni, mwaka jana, kijana mmoja aliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda picha. Ni kundi la watu wa Tabora na waliowahi kuishi Tabora: walimu, wanafunzi, fundi simu mmoja, wenye maduka. Hakuna kati yetu anayekula kwa kamera. Tunapiga picha kwa sababu tunapenda.

Kijana akasalimia, "Mwangaluka wakubwa," kisha akatuma picha yake ya kwanza. Ilikuwa picha ya mlango wa nakshi wa tembe la Livingstone kule Kwihara. Mlango umeinama kama mtu anayetoka kilabuni. Jua limekula nusu ya ukuta. Kwenye kona ya chini kuna kitu chekundu cha mviringo, ambacho ukitazama vizuri unagundua ni ncha ya kidole chake mwenyewe.

Mtu mmoja akauliza, "Hii kapiga mbuzi?" Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Nami, nikitaka kuonekana mjuzi wa maneno, nikaandika: "Mbuzi hana kidole. Huyu ni binadamu, tumsamehe." Nilichekwa vizuri. Nililala nikiwa nimeridhika.

Asubuhi nilikuta mstari mmoja wa maandishi ya kijivu katikati ya ukurasa. Kijana alikuwa amejiondoa. Hakuna aliyesema lolote juu yake. Mtu alikuwa ameshatuma picha ya machweo.

Nisingeikumbuka habari hii kama si masomo yangu. Niko shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya pwani na bara katika karne ya 19. Kwa lugha nyepesi, nasoma namna mtu asiyeijua njia alivyofundishwa njia. Wiki ileile niliyomcheka mgeni wetu, nilikuwa nasoma kuhusu watoto na pembe za ndovu.

Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, Novemba 1857, baada ya safari iliyoanza pwani mwezi Juni. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 anaeleza kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo hadi pwani kulikuwa kipimo cha utu uzima, na kwamba hamu hiyo ilianza mapema sana. Mtoto wa miaka sita au saba, anasema, alikuwa tayari anabeba pembe ndogo begani.

Mzigo wa mpagazi mzima ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Ukimtwisha mtoto mzigo huo utamvunja. Ukimwacha aende mikono mitupu atakuwa mtazamaji tu, na mtazamaji hajifunzi kutembea na msafara. Kwa hiyo alibeba pembe ndogo. Pembe ile haikuwa mwanasesere. Ilikuwa bidhaa ya kweli, na aliyeibeba alikuwa ndani ya kazi tangu hatua ya kwanza, kwa uzito unaolingana na bega lake.

Kwenye njia yenyewe alikuwepo kirangozi, yule aliyetangulia mbele. Njia ilipogawanyika, aliifunga ile isiyofaa kwa tawi au kwa mstari uliochorwa ardhini ili walio nyuma wasipotee. Nimelifikiria tawi lile mara nyingi. Kirangozi hakungoja mtu apotee ndipo amcheke. Alijua kwamba wapo wanaokuja nyuma ambao hawajawahi kufika pale, akaacha alama, akaendelea.

Usiku wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vya kupika na kulala pamoja. Msafara ungeweza kuwa na mamia ya watu, lakini hakuna aliyekula na mamia. Alikula na wachache waliomjua kwa jina, ambao wangeona mapema kama mguu wake umevimba.

Katika msafara mmoja wa njia hii alikuwemo pia mtu aliyekuwa akihangaika na kamera.

Oktoba 1860 John Hanning Speke aliondoka Bagamoyo kwa safari yake ya pili ya bara. Safari hii alifuatana na James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la Uingereza nchini India. Kabla ya kuvuka kuja bara, Grant alikuwa amepiga picha Zanzibar, na hizo ni miongoni mwa picha za kamera za mwanzo kabisa zinazojulikana za kisiwa kile. Mpango ulikuwa aendelee kupiga njiani. Mpango ulikufa mapema.

Kupiga picha wakati ule kulimaanisha kupaka kioo dawa gizani, kukiweka ndani ya kamera, kupiga, kisha kukirudisha gizani kukisafisha kabla dawa haijakauka. Chumba cha giza cha Grant kilikuwa hema dogo lililofungwa kila upande, chini ya jua letu. Yeyote aliyewahi kusahau dirisha la gari limefungwa saa nane mchana anaweza kukisia hali ya mle ndani. Speke aliandika kwamba joto lile lingemuua Grant upesi, kwa hiyo alimwondoa kwenye kazi ya kamera akampa kazi ya kuchora.

Januari 1861 walifika Kazeh na kupokewa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeishi pale. Grant aliendelea kuchora, Tabora na mbele yake. Michoro yake ilikuja kupamba kitabu cha Speke cha mwaka 1863, na hadi leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Kwa hiyo mmoja wa watu wa kwanza kujaribu kupiga picha kwenye barabara yetu alishindwa. Aliponiingia akilini pamoja na kijana wa Kwihara, niliona haya. Grant hakuambiwa kwamba kapiga mbuzi. Mzigo ulipomzidi alibadilishiwa mzigo, akabaki msafarani, na tumepata michoro.

Hata hivyo sitaki kuipamba barabara ile. Grant alikuwa ofisa na rafiki wa kiongozi wa msafara. Mpagazi aliyeugua hakubembelezwa hivyo, na wapo walioachwa porini. Katika njia ileile ya pembe za ndovu walipita watu waliotekwa, ambao hakuna aliyewauliza wangependa kubeba nini. Ukarimu wa njia ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilifuata nani ana bunduki, nani ana nguo za kulipia, nani ana jina. Nasema tu kwamba watu walioishi kwa kutembea walifahamu jambo moja ambalo kundi letu lilisahau: msafara usiolea wageni huisha. Wazoefu huzeeka, magoti hukataa, na siku moja hakuna wa kuinua mzigo.

Mtu wa kwetu anaweza kunijibu kwamba nimekuza mambo, kwamba ule ulikuwa utani tu. Nami nilijitetea hivyohivyo moyoni kwa siku kadhaa. Lakini utani nao ni mtoto wa barabara ile, na una sheria zake.

Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo na wa makabila mengine ya njia ya kwenda pwani. Watafiti walioandika juu ya utani wa Tanganyika, kama R. E. Moreau katika miaka ya 1940, walijiuliza umetoka wapi, na safari na vita ni miongoni mwa majibu yanayotajwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Anaweza kuchukua kuku wako. Lakini siku ya msiba yeye ndiye anayefika mapema, anayeshughulika na kaburi, anayewafanya wafiwa wacheke wakati hakuna mwingine anayethubutu. Na akikutania leo, kesho ni zamu yako. Utani ni deni la pande mbili.

Kijana wa Kwihara hakuwa na zamu. Hakuwa anamjua hata mmoja wetu, hakuwa na cha kutujibu, na hakuna aliyekuwa tayari kumbebea chochote. Tulichukua haki ya mtani tukaacha kazi ya mtani. Hiyo ina jina jingine, nalo ni kejeli.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisiione habari hii kuwa ndogo. Ninapotafuta picha za zamani za Tabora kwa ajili ya utafiti, walioshika kamera karibu wote ni wapita njia. Ni wamisionari, maofisa, wapelelezi, au wapiga picha wa biashara kama Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi huku kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na ambaye picha zake sasa ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Namshukuru kwa alichotuachia. Lakini anaona kwa macho ya aliyeshuka kwenye treni. Mpagazi katika picha za namna hiyo ni "mpagazi", bila jina, mara nyingi akiwa ameganda kwa amri ya aliyempanga. Nimesoma barua, hesabu na shajara za safari nyingi, na bado sijawahi kuona picha hata moja ya karne ya 19 iliyopigwa na mpagazi wa Kinyamwezi.

Leo kamera iko mfukoni mwa kijana anayeishi umbali wa kilomita chache tu kutoka lile tembe. Amepanda baiskeli, amekwenda, amepiga mlango anaoufahamu tangu utotoni. Picha yake imepinda, lakini ni ya mwenyeji. Nasi wenyeji wenzake tukamfukuza kwa sababu ya kidole.

Duniani kwingine walishaona faida ya kumpa anayeanza kitu cha uzito wake. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya Brownie kwa dola moja, boksi jepesi lililolengwa hasa kwa watoto, na ikawaundia watoto hao klabu na mashindano yao. Boksi la namna hiyo lilifika hadi kwetu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza na Box Brownie akiwa mvulana Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia nzima. Siamini kwamba kila mtoto mwenye kamera ni Mohamed Amin. Naamini kwamba hakuna aliyekuwa na uwezo wa kujua kwa kutazama picha zake za kwanza.

Niliwaandikia wenzangu kwenye kundi. Sikuhubiri. Nilisema nilichoandika Jumapili ile kilikuwa kibaya, na nikapendekeza mambo matatu niliyoyaokota njiani. Anayeingia apewe pembe ndogo, yaani zoezi moja jepesi la wiki: piga kivuli, piga mikono ya mtu anayefanya kazi. Awe na watu wawili au watatu wa kumjibu, maana hakuna anayejifunza kwa kusemwa na watu mia. Na atakayekosoa aweke tawi: aseme njia ipi haifai na ipi inafika. "Picha mbaya" si tawi. "Futa lenzi kwa shati, shika simu kwa mikono miwili, rudi nyuma hatua tatu" ndilo tawi.

Wengine walikubali. Mmoja alisema kundi litajaa picha mbovu. Ana haki, litajaa. Nilimkumbusha picha zake za mwaka wa kwanza, naye akanikumbusha zangu, tukacheka. Huo sasa ulikuwa utani.

Kisha nilimtafuta yule kijana. Namba yake bado ilikuwa kwenye simu. Nilifuta ujumbe mara nne, mwishowe nikaandika kwa kifupi: "Mdogo wangu, mimi ni yule wa mbuzi na kidole. Nilikosea, naomba unisamehe. Ule mlango uliupiga kutoka upande ambao sijawahi kuona mtu akisimama." Ilikuwa kweli. Wote huupiga kutoka mbele, kama watalii. Yeye alikuwa amejibana ukutani.

Hakujibu siku ile wala ya pili. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisema kwa maana ya kumfukuza mgeni mvivu. Siku hizi naisikia tofauti kidogo. Aliyepewa jembe amepewa sehemu ya shamba. Ameacha kuwa mgeni.

Siku ya tatu simu ililia. Hakusema kama amenisamehe. Aliuliza: "Kaka, pale Kwihara jua la asubuhi linaufikia mlango saa ngapi?"

Nilianza kuandika jibu refu lenye maneno ya kitaalamu, nikasita. Sikuwa najua. Miaka yote hii ninaandika juu ya Kwihara, na sijawahi kufika pale alfajiri.

"Sijui," nilimjibu. "Twende tukaone. Jumamosi, saa kumi na mbili. Mimi nitabeba chai."