Ukiona "Warning" Kwa Logi ya Bitcoin, Usikimbie Kwanza

Kuna wasee mtaani wameweka Bitcoin Core kwa laptopu ya ex-UK na wanaendesha nodi yao wenyewe. Poa sana, ju nodi haiamini mtu: inashusha kila bloki tangu Januari 2009 na kuikagua yenyewe. Kila kitu inafanya, inaandika kwa faili inaitwa debug.log. Noma huanza siku msee anafungua hiyo faili, anapata neno "warning" limejirudia kila mstari, anadhani doo yake imeenda na maji.

Tuanze na mstari wa kawaida, ju bila huo hautaelewa wa kushtua. Mwanzo wa mstari ni tarehe na saa, halafu herufi Z. Hiyo Z inamaanisha ni saa ya UTC, na Nairobi tuko mbele masaa matatu. Kwa hivyo logi ikisema 21:30, kwako ni saa sita na nusu usiku. Halafu utaona "UpdateTip", yaani nodi imepokea bloki mpya, na "height", yaani nambari ya hiyo bloki. Cheki pia "progress". Ikiwa 1.000000, umefika. Ikiwa 0.43, bado uko karibu nusu ya safari, na salio la waleti yako linaweza kuonyesha kidogo kuliko ulicho nacho. Hujaibiwa. Ngoja imalize.

Sasa zile za kushtua. Matoleo ya kitambo yalikuwa yanaandika "of last 100 blocks have unexpected version", na mbele yake nambari kama 46 ama 60. Hii imenyima wasee wengi usingizi bure. Kila bloki ina nambari ya toleo, na wachimbaji hutumia biti za hiyo nambari kupiga kura wakati sheria za mtandao zinabadilishwa. Lakini wachimbaji walianza kuchezea baadhi ya hizo biti kwa sababu nyingine kabisa: ujanja unaoitwa AsicBoost, wa kuchimba kwa stima kidogo. Nodi ikiona biti haizijui, inadhani kuna kura inaendelea. Hiyo ni kelele tu.

Ile ya kuchukulia serious ni binamu yake: "unknown new rules activated". Hapo mtandao umekubali sheria ambazo toleo lako halizijui. SegWit ilianza kazi kwa bloki 481824, Agosti 2017, na kura yake ilikuwa biti nambari 1. Taproot ikaanza kwa bloki 709632, tarehe 14 Novemba 2021, biti nambari 2. Nodi ya zamani haizimiki, inaendelea kutembea na wenzake, lakini kuna vitu inapitisha bila kukagua. Na kama hukagui, nodi ni ya nini? Sasisha.

Halafu kuna saa ya kompyuta. Laptopu kuukuu betri yake ndogo ya ndani ikikufa, ukiiwasha inakuambia ni mwaka tofauti. Matoleo ya kitambo ya Bitcoin Core yalikuwa yanakuambia "Please check that your computer's date and time are correct", na si mzaha: nodi hukataa bloki yoyote yenye saa iliyo mbele zaidi ya masaa mawili. Saa yako ikiwa nyuma sana, unakataa bloki halali na kubaki peke yako.

"Potential stale tip detected" inamaanisha dakika 30 zimepita bila bloki mpya. Bloki huja kila dakika 10 kwa wastani, so wakati mwingine ni bahati tu. Huku kwetu, cheki kwanza kama bando imeisha.

Na stima ikipotea ghafla, unaweza kuwasha na kukutana na "Corrupted block database detected". Dawa ni kuanzisha programu na -reindex, na kwa mashine ya pole pole hiyo ni siku kadhaa. Ukizima vizuri, mstari wa mwisho wa logi husema "Shutdown: done". Usichomoe waya kabla uuone.

Wa Ethereum, wenu uko wazi: Geth ikilia "no beacon client seen", ni ju tangu 15 Septemba 2022 nodi inahitaji programu mbili, na wewe umewasha moja.

Hizo zote zinatoka kwa mashine yako mwenyewe. Zinakuambia hali, basi. Hakuna hata moja inakupea linki ya kubonyeza ama kuuliza maneno yako 12 ya siri. Bitcoin Core hata haina hayo maneno. Ukitupa logi yako kwa grupu ya Telegram ukiomba msaada, halafu mtu akuingie inboksi akijiita "support" na kuomba hayo maneno, buda, huyo ni mwizi.

Na kuna ujumbe ulionekana kama wa programu kumbe ni wa wezi. Desemba 2018, waleti ya Electrum ilikuwa inaonyesha kwa skrini ujumbe wowote wa kosa uliotumwa na seva. Wezi wakaweka seva zao. Ukijaribu kutuma coin, muamala unakwama, ujumbe unatokea: sasisha sasa, linki hii hapa. Linki ilikuwa ya Electrum feki. Zaidi ya bitcoin 200 ziliibiwa kwa muda mfupi. Watengenezaji walirekebisha, lakini matoleo ya zamani yalibaki wazi, na Agosti 2020 kuna jamaa aliandika kwamba alifungua waleti ambayo hakuwa ameigusa tangu 2017, akafuata huo ujumbe, na bitcoin 1,400 zikatoka zote. Electrum halisi iko electrum.org na Bitcoin Core iko bitcoincore.org. Andika hiyo anwani kwa mkono wako, usibonyeze ya kuletewa.