Upangaji wa upasuaji wa kugandisha kwa kompyuta

Upangaji wa upasuaji wa kugandisha kwa kompyuta ni matumizi ya programu kukokotoa, kabla ya upasuaji, sindano ngapi za baridi zitumike, zichomwe wapi na kwa kina gani, ili uvimbe ugande wote na viungo jirani vibaki salama. Utafiti wake umelenga hasa saratani ya tezi dume.

Tiba yenyewe ya kugandisha ilitangulia kompyuta: katikati ya karne ya 19 James Arnott wa Uingereza alitibu uvimbe kwa mchanganyiko wa barafu na chumvi. Mwaka 1961 Irving Cooper wa Marekani alileta kifaa cha kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika. Sindano nyembamba za leo hupozwa na gesi ya agoni inayotanuka ghafla karibu na ncha.

Ugumu umo katika donge la barafu lenyewe. Ukingo wake, unaoonekana kwenye altrasaundi, una takriban nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali kiwango kinachotajwa kwa kawaida kuwa huua seli za saratani ni karibu −40. Kilichoganda, basi, si lazima kiwe kimekufa. Tena, kwenye altrasaundi, upande wa nyuma wa donge hufichwa na kivuli cha donge lenyewe. Programu hukadiria jotoridi la ndani, mara nyingi kwa mlinganyo wa Harry Pennes wa mwaka 1948, unaohesabu pia joto linaloletwa na damu. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, watafiti walijaza umbo la tezi kwa viputo vya kidijitali vinavyosukumana hadi vitulie, na vitovu vyake vikaonyesha mahali pa sindano. Mrija wa mkojo hulindwa kwa katheta yenye kimiminika cha uvuguvugu, na joto hilo nalo huingizwa katika hesabu.