Marubani Wawili Katika Kiti Kimoja

Mto Tana hupita Balambala, kisha Garissa, ukielekea Bahari ya Hindi. Leo wachungaji hunywesha ngamia na mbuzi wao hapo. Lakini katika mwaka 1940 mto huo ulikuwa mpaka wa vita. Tarehe 10 Juni mwaka huo, Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili upande wa Ujerumani. Waitalia walikuwa wameishika Somalia na Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo. Siku tatu baadaye ndege zao zilitupa mabomu Wajir, na mwezi wa Julai wakaitwaa Moyale. Waingereza, kwa uchache wa majeshi yao, waliazimia kuushika Mto Tana ili adui asiuvuke.

Kila mwenyeji wa nchi hiyo aijua ilivyo. Baina ya Tana na Juba visima ni vichache na njia ni ndefu. Jeshi lililopita huko lilichukua maji yake katika malori, na vumbi la malori hayo lilionekana kutoka mbali. Aliyeitawala anga aliyaona yote, na aliyekuwa chini hakuwa na pa kujificha. Ndiyo sababu marubani walihitajiwa sana.

Mmoja wao alikuwa John Frost, kijana wa Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1918. Alikuwa Kapteni katika Kikosi cha 3 cha jeshi la anga la nchi yake, akirusha ndege ya Hurricane yenye kiti kimoja na bunduki nane katika mabawa. Tarehe 3 Februari 1941, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, aliziangusha ndege nne za Waitalia siku hiyo moja: tatu za mabomu na moja ya kuzilinda.

Sifa zake zilienea. Hata hivyo, rubani hateki mji. Waliovuka nyika kutoka Garissa na Bura walikuwa askari wa miguu na wa malori: askari wa Keya wa Afrika Mashariki, na wenzao wa Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25. Kisha majeshi yakageukia Uhabeshi.

Tarehe 15 Machi 1941 Frost alishambulia kiwanja cha ndege karibu na Diredawa. Ndege yake ikapigwa kutoka chini, naye akalazimika kutua katika nchi ya adui. Mwenzake, Luteni Robert Kershaw, alimwona. Kershaw angaliweza kurudi salama na kutoa habari kwamba mkubwa wake amepotea, wala hapana ambaye angalimlaumu. Badala yake alitua huku risasi zikimjia. Hurricane haina nafasi ya mtu wa pili. Basi wakabanana katika kiti kimoja, mmoja amempakata mwenziwe, wakagawana kazi ya kuiongoza ndege, wakaruka na kufika salama. Kwa tendo hilo Kershaw alipewa nishani ya D.S.O. Wahenga walisema kweli: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Addis Ababa ilitekwa tarehe 6 Aprili, lakini vita havikwisha. Wajerumani walikuwa wamefika Libya kuwasaidia Waitalia, na Frost akapelekwa kaskazini kukiongoza Kikosi cha 5, chenye ndege za Tomahawk. Huko alikabiliana na marubani wa Kijerumani waliorusha Messerschmitt, ndege zenye mbio kuliko zake. Tarehe 16 Juni 1942 aliruka kupigana nao, asirudi. Alikuwa na umri wa miaka 23. Ndege yake haikupatikana, wala hana kaburi lijulikanalo.

Katika jangwa lilo hilo alikuwapo Mjerumani kijana zaidi, Hans-Joachim Marseille, aliyehesabiwa kuangusha ndege 158. 17 kati ya hizo katika siku moja, tarehe 1 Septemba 1942. Tarehe 30 mwezi huo huo injini yake ilishika moto. Alipojirusha nje alipigwa na mkia wa ndege yake mwenyewe, akafa akiwa na miaka 22. Mwezi uliofuata yalianza mapigano ya El Alamein, na jeshi lake likashindwa.

Basi, msomaji, vita huwahesabu mashujaa wake kwa idadi ya walioanguka. Hesabu ya Marseille haikuliokoa jeshi lake, na hesabu ya Frost haikumrudisha nyumbani. Kershaw hakuangusha kitu saa ile aliyotua Diredawa. Alimrudisha mtu mmoja hai kwa wenziwe, na tendo hilo halihitaji ushindi wa upande wowote ili liitwe jema.