Mhadhara wa halaiki

Mhadhara wa halaiki ni kipindi cha somo la msingi la mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, kama Stadi za Mawasiliano, linalokutanisha wanafunzi wa shahada mbalimbali katika ukumbi mmoja. Nchini Kenya msongamano uliongezeka sana mwaka 1990, wahitimu wa mwisho wa kidato cha sita walipojiunga na vyuo vikuu pamoja na wa kwanza wa mfumo wa elimu wa 8-4-4.

Mihadhara hii ipo pia mbali na miji mikubwa: Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kupata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Kijana wa Kitale aliyezoea darasa la watu arobaini hukutana na mihadhara hii akifika Kibabii au vyuo vikuu vya Kakamega na Eldoret. Karatasi ya mahudhurio hupita safu kwa safu, na mara nyingi humfikia wa nyuma mhadhiri akiwa anafunga vitabu. Swali halipati nafasi. Aliye nyuma hutegemea noti za wenzake na ujumbe wa kiongozi wa darasa kwenye simu.

Mhadhara huu hupunguza gharama, lakini bila vikundi vidogo vya mjadala, wanafunzi dhaifu ndio huumia zaidi.