Maumivu ya kiuno: Pingili mbili za chini na dalili zisizopaswa kupuuzwa

UTI wa mgongo wa binadamu una pingili saba za shingo, 12 za kifua na tano za kiuno. Chini yake upo mfupa wa sakramu, ulioshikana na nyonga, na mwisho kabisa kifandugu.

Pingili ya nne na ya tano za kiuno ndizo zinazobeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa uzito wa kiwiliwili chote hupitia hapo kabla ya kufika miguuni.

Baina ya pingili na pingili kuna diski, yaani kisahani cha gegedu chenye ute mzito katikati, ambacho hupunguza mshtuko wakati wa kutembea. Umri unapoongezeka, au mtu anaponyanyua mizigo mizito, ukingo wa diski huweza kuchanika, ute ukachomoza na kubana mshipa wa fahamu. Zaidi ya asilimia 90 ya diski za kiuno zinazochomoza ni zile mbili za mwisho.

Mshipa ukibanwa, maumivu hushuka kutoka matakoni hadi mguuni, hali iitwayo siatika. Mgonjwa anayeshindwa kuinua kidole gumba cha mguu, mara nyingi tatizo lake liko kati ya pingili ya nne na ya tano. Anayeshindwa kusimama kwa ncha za vidole, aghalabu limo kati ya pingili ya tano na sakramu.

Kwa mtu mzima, ugwe wa mgongo, ambao ni fungu la mishipa ya fahamu litokalo ubongoni, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki nyuzi za mishipa zinazoning'inia mfano wa mkia wa farasi. Ndiyo maana daktari anayechunguza homa ya uti wa mgongo huchoma sindano chini ya pingili ya tatu au ya nne, ambako ugwe haufiki.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Wengi hupata nafuu bila upasuaji, na kuendelea na shughuli nyepesi huwafaa kuliko kulala kitandani kwa siku nyingi.

Hata hivyo, ganzi katika sehemu za siri, kushindwa kukojoa, kutokwa na haja bila kujizuia au miguu yote miwili kuishiwa nguvu ni dalili kwamba "mkia wa farasi" umebanwa. Mgonjwa huyo anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu.

Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku au kukonda nayo yahitaji uchunguzi, kwani huenda yakatokana na kifua kikuu cha mifupa au saratani.