Udongo na Wakati Wake: Ushahidi wa Maneno na Vigae

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Methali hii yatumiwa sana katika malezi ya watoto, hata twasahau kwamba kwanza ni neno la kazi. Kusudi la makala haya ni kuirudisha kwa mfinyanzi, na kuonyesha ya kuwa historia ya Pwani haisomeki vema bila kuzijua hali za udongo kwa kadiri ya maji yaliyomo.

Tuanze na maneno. Kitenzi umba chatokana na mzizi wa kale wa Kibantu, bumb, wenye maana ya kufinyanga. Waganda na Wanyarwanda wangali na bumba kwa kazi hiyo hiyo. Katika Kiswahili umba limepanda daraja, likawa hasa kazi ya Muumba. Fundi wa vyungu akabakiwa na finyanga, lililotoka katika finya, nalo likazaa mfinyanzi kama jenga lilivyozaa mjenzi. Umba latazama umbo linalotokea. Finyanga latazama vidole vinavyoubonyeza udongo.

Udongo hufinyangika kwa kuwa chembe zake ni bapa mfano wa magamba, na utando wa maji huziwezesha kuteleza bila kuachana. Maji yakizidi, chungu hulegea. Yakitoka kwa haraka, hupasuka. Ndiyo sababu ya kuchanganya mchanga au vigae vilivyopondwa, vipunguzavyo kunywea kwa udongo na kuyapa maji njia. Lakini kati ya ubichi na ukavu iko hali ya tatu, ambayo methali haikuitaja: chungu chasimama chenyewe, na bado chakubali kuchorwa na kusuguliwa kwa kijiwe.

Hali hizo huacha alama. Mstari uliochorwa katika udongo wa maji mengi huinua kingo zake. Uliochorwa penye ukavu huzimegua. Wa hali ya kati hutoka safi. Kwa muda mrefu wachimbuzi walivithamini zaidi vyombo vya kigeni vyenye kung'aa, kwa kuwa vyasaidia kutaja tarehe. Lakini vigae vya Kwale, alivyovieleza Robert Soper mwaka 1967, vile vya pembetatu zilizochorwa, alivyoviandikia Felix Chami mwaka 1994, na vile vya Shanga, alikochimba Mark Horton tangu 1980, vyashuhudia mikono ya wenyeji iliyojua kusubiri. Ushahidi huo wapatana na ule wa umba: ufundi huu haukushuka kutoka jahazini.

Maji ya mwisho hayatoki juani. Yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka motoni tu, kuanzia kadiri ya digrii 500 za Selsiasi. Kabla ya hapo, chungu kikitiwa majini hurudi kuwa tope. Baada ya hapo hakirudi kamwe, na hata kikivunjika, gae lake hudumu.

Basi mkusanyaji wa msamiati asitosheke na kuuliza majina ya vyombo. Aketi na mfinyanzi tangu udongo uchimbwapo hadi motoni, aandike kila hali iitwavyo. Sufuria na ndoo za plastiki zimekwisha kuviondoa vyungu na mitungi katika nyumba nyingi, na wenye maneno hayo wazidi kupungua.