Thomas Coryat Mjini Venice

Mwezi wa Mei 1608 Thomas Coryat, mwana wa kasisi wa kijiji cha Odcombe, Uingereza, alivuka bahari kwenda Ufaransa na kutoka huko akashika njia ya Italia. Hakuwa tajiri wala mjumbe wa mfalme. Alikuwa mtu wa mizaha aliyetaka kuona. Venice alikaa kiasi cha wiki sita, na kitabu alichokitoa 1611 kinaeleza mji huo kwa urefu kuliko mwingine wowote aliopitia.

Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo vya wangwa, na majumba yake yamesimama juu ya magogo yaliyoshindiliwa topeni. Njia zake kuu ni maji. Coryat, ambaye alipenda kuhesabu kila kitu, aliandika kuwa gondola zilifika 10,000, idadi ambayo mwanahistoria aipokee kwa hadhari. Ushahidi wake juu ya farasi una uzito zaidi: katika wiki zote hizo alimwona mmoja tu, akila majani kando ya kanisa. Kwa mtu aliyetoka mashambani hakuna alama ambayo ingaliweza kuueleza mji ule vyema zaidi.

Mambo mengine yalimgusa kwa ugeni wake. Alikwenda kutazama mchezo akaona wanawake jukwaani, ilhali Uingereza wakati huo sehemu za wanawake zilichezwa na wavulana. Akakiri kuwa walicheza vizuri sawa na wanaume aliowahi kuwaona.

Sura yenye uchungu ni ile ya mtaa wa Wayahudi, ambao serikali ya Venice iliwafungia humo tangu 1516. Coryat aliingia akaanza kubishana na mwalimu wao wa dini, akimtaka aamini Ukristo. Watu walikusanyika, wakakasirika, naye akatafuta njia ya kutoka. Kwa bahati Sir Henry Wotton, balozi wa Uingereza, alikuwa akipita kwa gondola, akaamuru aokolewe. Coryat alijiona mdhulumiwa. Halikumpitikia kwamba watu wale, ambao milango yao ilifungwa kila usiku kwa amri ya wengine, walikuwa na haki ya kuchoshwa na mgeni aliyewafuata hata humo. Walakini aliona jambo moja la kweli: Myahudi aliyebatizwa alinyang’anywa mali yake, na hilo alililaumu wazi.

Jambo ambalo hakuliona ni kupungua kwa nguvu za Venice. Vasco da Gama alipochukua rubani Malindi 1498 akafika Calicut, njia mpya ya viungo ilifunguliwa. Biashara ya Venice haikuanguka papo hapo, kama vitabu vingi vya shule vinavyodai. Katikati ya karne ya 16 ilipata tena nguvu kwa njia ya Bahari ya Shamu. Pigo kubwa lilitoka kwa Waholanzi, ambao kampuni yao ya Mashariki iliundwa 1602, miaka sita tu kabla Coryat hajasimama katika Uwanja wa Mtakatifu Marko akistaajabia wingi wa lugha na mavazi.

Mwaka 1612 alisafiri tena, akapita Yerusalemu na Uajemi, akafika Bara Hindi kwa miguu. Alifariki Surat Disemba 1617, katika bandari ambayo mali yake ilizidi kupelekwa Ulaya kwa merikebu zisizopita Venice.